Kupika kitimoto nyumbani kwa mara ya kwanza: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi nakaa Mtwara mjini ila kwetu asili ni upande wa Masasi, na tangu watu wajue kwamba napika kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nyumbani kwangu karibu kila wiki siishi kuulizwa maswali, mengi ni yale yale, kwahiyo nimeona niyaweke yote hapa. Wengi mnaouliza ni vijana mliopanga chumba, mmezoea kuagiza nusu kilo sehemu za kula na hamjawahi kuishika ikiwa mbichi, wengine mmeoa au kuolewa kwenye familia zinazokula wakati kwenu haikuwahi kuingia jikoni.

Kitu kimoja nakitanguliza. Huku kwetu mkono umezoea samaki, changu anaingia kwenye mafuta na dakika chache tu katoka, sasa mtu anachukua haraka ile ile anaipeleka kwa nguruwe halafu anashangaa nje imeungua ndani mbichi. Mfikirie pweza badala ya changu. Pweza unamweka kwenye sufuria na maji yake mwenyewe, unafunika, moto mdogo, unasubiri. Kama hilo unaliweza basi kitimoto unakaribia kukiweza.

Dada naanza na nyama gani, steki au mbavu?

Hapana, steki usianze nayo. Watu wanaiona nzuri kwasababu haina mfupa wala mafuta, ila ndio inayokauka haraka kuliko zote, ukizidisha dakika tano tu unatafuna ubao. Mwambie muuzaji akukatie bega au shingo, yenye mafuta ya kiasi yaliyopita katikati ya nyama, hiyo inakusamehe hata ukikosea moto. Ukishazoea nenda kwenye mbavu. Kichwa na kwato viache kwanza, vina kazi ya kubabua manyoya na kukwangua na vinakula saa mbili mpaka tatu jikoni.

Akuchanganyie pia kipande kidogo cha mafuta meupe, usimkatalie, hayo ndio mafuta yako ya kukaangia.

Nitajuaje bucha zuri?

Cha kwanza mhuri. Nyama iliyokaguliwa inagongwa mhuri na mkaguzi, uombe uone, muuzaji mwaminifu wala hakasiriki. Cha pili rangi, nyama iwe na wekundu mwepesi unaoelekea pinki, mafuta meupe, na ukibonyeza kwa kidole irudi. Ikiwa na utelezi, au rangi imeenda kijivu na kijani, au inanuka uchachu, iache. Nenda asubuhi kama unaweza, joto la huku unalijua, saa nane mchana nyama iliyoning'inia tangu alfajiri sio nyama ile ile.

Cha tatu ndio muhimu kuliko vyote na wengi hawakijui. Angalia kama kuna vijilengelenge vidogo ndani ya nyama, vyeupe, saizi ya punje ya mchele mpaka njegere ndogo, vina majimaji na kidoa cheupe katikati. Hao ni watoto wa minyoo ya tegu. Mwaka mmoja nilinunua kwa mtu aliyekuwa anapitisha mitaani kwenye ndoo kwasababu alishusha bei, sikuuliza mhuri, nimefika nyumbani nakata nakutana nazo nyingi, kila kipande zipo. Niliifukia yote. Niliumia kwasababu hela ilikuwa ya mboga ya wiki nzima, ila tangu siku hiyo sijanunua nyama isiyo na mhuri na sitanunua.

Ukiziona punje hizo usijiambie "ntapika sana zitakufa". Ni kweli moto unaziua ila usichukue hiyo nyama, na mwambie muuzaji, na kama hakusikii mwambie afisa mifugo wa kata.

Ni kweli kula nguruwe kunaleta kifafa?

Hili naulizwa sana na nataka lieleweke vizuri kwasababu watu wanachanganya vitu viwili.

Ukila nyama yenye wale watoto wa tegu haijaiva, unachopata ni mnyoo wenyewe tumboni, mrefu, unakaa kwenye utumbo unakula unachokula. Huyo mtu mwenye mnyoo ndio anatoa mayai kwenye choo chake. Sasa mayai hayo yakiingia mdomoni kwa mtu yeyote, kupitia mikono isiyonawiwa, maji, au mboga mbichi iliyomwagiliwa maji machafu, yanaanguliwa na yanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo yakajenga kijilengelenge, na hapo ndipo kifafa kinapotokea. Kwahiyo anayeweza kupata kifafa sio lazima awe mla nguruwe, anaweza kuwa jirani ambaye hajawahi kuigusa maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linautaja huu ugonjwa kama moja ya sababu kubwa za kifafa zinazoweza kuzuilika.

Na nguruwe anaupata wapi? Kwa kula kinyesi cha binadamu. Ndio maana nguruwe anayefungiwa bandani na kulishwa pumba ni tofauti na anayezurura vichochoroni. Choo, mikono, banda, nyama iliyoiva. Hapo umemaliza.

Na ile homa ya nguruwe inayoua mabanda mazima, haitatuua na sisi?

Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu. Ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na tangu wakati huo haijawahi kuonekana kwa mtu. Ila inamaliza mifugo ya watu vibaya sana, na kirusi chake kinakaa kwenye nyama muda mrefu, kwahiyo kama wewe au jirani mnafuga, usimpelekee nguruwe mabaki ya nyama ya nguruwe wala maji ya kuoshea. Na mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asiuzwe hata kama bei ni ya kutupa.

Niioshe kwanza?

Kama imetoka safi mi siioshi chini ya bomba, maji yanaruka na vijidudu vinahamia kwenye sinki, vyombo na nyanya zako za kachumbari. Nafuta kwa kitambaa safi. Kama ina vipande vya mfupa au mchanga isuuze taratibu kwenye beseni, mwaga, osha beseni kwa sabuni. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi visikate kachumbari kabla havijaoshwa na sabuni.

Nielekeze hatua kwa hatua, sijui kitu kabisa

Sawa. Chukua kilo moja ya bega pamoja na kile kipande cha mafuta meupe. Kata vipande vya saizi moja, kama nusu ya kiberiti hivi, saizi moja ndio siri kwasababu ukichanganya vikubwa na vidogo, vidogo vinakauka wakati vikubwa bado. Twanga tangawizi kipande cha kidole gumba na punje sita za kitunguu saumu, changanya na nyama, weka chumvi kijiko kimoja cha chai na kamulia ndimu moja. Acha nusu saa, funika mana inzi.

Weka kwenye sufuria nzito au karai, maji nusu kikombe tu, usiongeze mafuta mengine hata tone. Funika. Moto mkubwa mpaka ichemke, ikishachemka punguza, kama ni mkaa toa makaa mengine pembeni, kama ni gesi shusha kabisa. Iache dakika 40, geuza mara mbili tatu tu. Itatoa maji yake mwenyewe mengi, usiogope, na usiyamwage, utamu upo humo. Yakikaribia kukauka kabla nyama haijalainika ongeza maji ya moto kidogo kidogo, sio ya baridi.

Dakika 40 zikiisha toboa kwa uma. Ikiingia bila kulazimisha funua, acha maji yakauke. Sasa hapo utasikia sauti inabadilika, ile ya kububujika inaisha inaanza ya kukaanga, hiyo ndio dalili kwamba maji yamekwisha na mafuta yake yenyewe ndio yamebaki. Usiondoke jikoni. Geuza mpaka ipate rangi ya kahawia pande zote, dakika 10 hivi mpaka 15. Mafuta yakizidi yachote uweke pembeni.

Mwisho kabisa ndio kitunguu maji, hoho, karoti na pilipili mbuzi nzima kwa wanaopenda. Dakika tatu nne, kitunguu kiwe laini ila kisiungue. Onja chumvi. Kamulia ndimu ya pili ukiwa umeshazima moto. Basi.

Ukitaka rosti, weka nyanya mbili tatu zilizosagwa baada ya kitunguu, acha ziive mpaka mafuta yaelee juu.

Mbona yangu imekuwa ngumu?

Mambo mawili. Aidha ulikaanga kabla haijalainika, au moto ulikuwa mkubwa mwanzo mwisho. Irudishe, maji ya moto nusu kikombe, funika, dakika 20 moto mdogo. Kama ilikuwa steki haitarudi kuwa laini, ikate vipande vidogo sana upikie na mboga.

Kuna wanaoweka papai bichi. Linafanya kazi kweli, utomvu wake unavunja nyuzi za nyama, ila kijiko kimoja cha papai lililokwanguliwa kwa kilo na nusu saa inatosha, ukilaza nayo usiku kucha unaamka na uji.

Nitajuaje imeiva?

Kata kipande kinene kuliko vyote katikati. Majimaji yawe meupe yasiyo na damu, nyama isiwe na ule mng'ao wa ubichi. Wenye kipima joto cha nyama, ichomeke katikati na usubiri ifike nyuzi 71. Najua kuna nchi wanakula nyama nzima kwenye nyuzi 63 ikiwa na upinki kidogo, nguruwe wao wanafugwa na kukaguliwa kwa namna nyingine, huku kwetu nakuomba uiivishe kabisa.

Kwanini nyingine inanuka kama mkojo hata niweke tangawizi kilo nzima?

Sio kosa lako la kupika. Hilo ni dume lililokua bila kuhasiwa. Dume akikomaa anajenga harufu kwenye mafuta yake na ikipata moto inatoka yote, na watu wanatofautiana, kuna wasioisikia kabisa na kuna wanaoshindwa kukaa hata sebuleni. Viungo haviiondoi, vinaifunika tu. Cha kufanya muulize muuzaji kama ni jike au dume lililohasiwa mapema, na ukiwa na wasiwasi ukifika nyumbani kaanga kipande kimoja cha mafuta kwanza unuse.

Nataka kuchoma, naweza kutumia maganda ya korosho? Yamejaa hapa nyumbani

Usifanye hivo! Ganda la korosho lina mafuta makali sana, wanaobangua kwa mkono wanajua yanavyobabua vidole, na ukiyachoma moshi wake unawasha macho na kifua na unakaa kwenye nyama. Msimu wa korosho hela ipo na kila mtu anataka kuchoma, nimeliona hili zaidi ya mara moja. Tumia mkaa. Vifuu vya nazi vinawaka vizuri ila vina mwali mrefu mwanzoni, subiri vigeuke makaa.

Nyama ichemshe kwanza kama nilivyoeleza, dakika 30, ndio iende juu ya wavu. Makaa yasukume upande mmoja, nyama ikae upande usio na makaa, mana mafuta yakidondokea kwenye moto mwali unapanda na kuiunguza. Dakika mbili za mwisho ndio uisogeze kwenye moto mkali ipate rangi.

Mafuta yananirukia, naogopa

Nyama ina maji. Subiri yakauke kabisa kabla hujageuza geuza, na ngozi ifute. Mafuta yakishika moto usimwage maji, nasema tena usimwage maji, zima jiko, funika na mfuniko, usiibebe sufuria, acha ipoe.

Majirani zangu wote ni Waislamu, nafanyaje?

Afadhali umeuliza. Hapa Mtwara na Lindi majirani wetu wengi ni Waislamu, na sisi wengine tupo pia siku nyingi, Masasi wamisheni wa Kianglikana walifika mwaka 1876 na Ndanda Wabenediktini wapo tangu 1906, kwahiyo tumeshakaa pamoja vizazi na vizazi, tunazikana, tunaalikana kwenye shughuli, tunaazimana chumvi. Sitaki sufuria yangu iharibu hilo.

Mi nina sufuria yake, kisu chake, ubao wake, mwiko wake na hata kibeseni cha kuoshea, vina alama ya rangi nyekundu na vinakaa kabati la peke yake. Chombo nilichoazima kwa mtu hakipikiwi humo hata siku moja, hata kama hatajua. Na chombo changu kilichowahi kupika kitimoto siendi kumwazima mwenzangu mwenye shughuli, nikiombwa sufuria kubwa natoa ile safi au nasema sina. Kama bomba ni la nyumba nzima siendi kuoshea pale, nachota maji naoshea kwangu.

Mgeni akifika wakati chakula kipo mezani mwambie kabla hajakaa, "mama, leo hapa kuna nguruwe, ngoja nikukaangie mayai kwenye kikaangio kingine". Hajisikii vibaya, anakushukuru. Kumbuka na Wasabato, hata wao hawali, usidhani kila Mkristo anakula. Mifupa ifukie, usiitupe jalalani mbwa waibebe mpaka mlangoni kwa watu. Na Ramadhani mi napika usiku nimefunga dirisha la upande wao au naacha kabisa, hakuna aliyeniambia, ni mimi tu naona ndivyo inavyotakiwa.

Kuna mama wa jirani, mtu mzima, namwamkia shikamoo kila asubuhi, yeye anajua napika nini na mi najua kwamba anajua. Sikukuu ya Idi sahani yangu ya pilau inakuja, Krismasi yangu napika kuku aliyechinjwa na mtu wao, kwenye sufuria mpya, nampelekea.

Naitunzaje, na umeme ukikatika?

Kwa joto letu nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa moja. Kwenye friji siku tatu mpaka tano, ya kusaga siku moja au mbili, iliyopikwa siku tatu nne. Friza iliyojaa ikiwa haifunguliwi inahimili karibu saa 48 bila umeme, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida ni saa 4 tu. Kwahiyo umeme ukikatika acha kufungua fungua kuangalia. Usiye na friji, nunua ya kula siku hiyo.

Sisi wa Liwale na Nachingwea tunapata nguruwe pori, inapikwa vile vile?

Nyamapori bila kibali ni kosa kisheria, kununua na kukutwa nayo, hilo ulijue kwanza. Ukiipata kwa njia halali, nyama yake haina mafuta mengi kwahiyo inataka maji zaidi na muda zaidi, saa moja na nusu hata mbili, na mafuta ya kula kidogo wakati wa kukaanga. Isibaki mbichi hata kidogo, wanyama wa porini hubeba minyoo mingine inayokaa ndani ya nyama.

Inaliwa na nini?

Ndizi za kukaanga wanazopenda sehemu za kuuzia, sawa. Ila mi napenda na muhogo wa kuchemsha, au ugali wa makopa kama wa kwetu, na kachumbari yenye embe bichi iliyokatwa nyembamba badala ya nyanya nyingi. Ukali wa embe unakata mafuta ya nyama. Miezi ya embe jaribu.

Mafuta yaliyobaki niyamwage?

Usiyamwage, na hasa usiyamwage kwenye sinki, yakiganda yanaziba bomba. Yachuje yakiwa ya uvuguvugu kwenye chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, yakipoa yanakuwa meupe kama samli. Kwenye friji yanakaa miezi. Kaangia maharage, kisamvu, viazi. Chupa iandike kabisa NGURUWE kwa herufi kubwa kila upande, mana yakishaganda mtu akija kukusaidia jikoni hawezi kuyatofautisha na samli.